Kitabu cha Kumbukumbu ya Rubani: Tathmini ya Huduma ya Duka Moja la Picha Mjini Unguja

Huduma ninayoieleza hapa ni ya kukusanya picha, barua na madaftari ya marehemu, kuviskani, kuvisafisha kwa kompyuta, kisha kuvichapa na kuvijalidi viwe kitabu kimoja cha kumbukumbu kwa ajili ya familia. Maduka yanayoifanya kazi hii mjini Unguja si mengi, na yaliyopo yamezoea harusi na mahafali kuliko kumkumbuka aliyetangulia mbele ya haki. Duka tulilolitumia sisi liko upande wa Kikwajuni, karibu na majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema si ya kusifu, na sehemu kubwa ya makosa yao wamekwisha kuyarekebisha.

Mzigo tuliowapelekea ulikuwa wa ami yangu, mdogo wake baba, mzaliwa wa Wete, aliyestaafu Jeshi la Wananchi wa Tanzania akiwa rubani aliyegeuka mhandisi wa ndege. Alikuwa miongoni mwa vijana waliofunzwa urubani na Wakanada katika ile miaka mitano, kuanzia 1965 hadi 1970, ambayo Kanada ndiyo iliyokuwa ikikilea kikosi chetu cha anga. Kazi hiyo ilikuwa imeanzwa na Ujerumani Magharibi, nayo ikajiondoa mapema 1965 kwa ugomvi juu ya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki nchini. Chanzo cha ugomvi huo kilikuwa hapa hapa Zanzibar, kwa sababu serikali ya Mapinduzi iliitambua Ujerumani Mashariki mwanzoni mwa 1964, kabla ya Muungano. Siasa ile ile iliyoleta majumba ya Kikwajuni ndiyo basi iliyompeleka kijana wa Wete Kanada badala ya Ujerumani, na mwenyewe alikuwa halipiti eneo lile bila ya kulisema hilo, hata kwa watu waliokwisha kulisikia mara nyingi. Alirusha Otter, ndege ya injini moja, kisha Caribou yenye injini mbili, na miaka ya 1970, China ilipochukua nafasi ya Kanada na ndege za kivita za jeti zikaanza kuingia, aliacha usukani akahamia karakana. Waliomjua kwa karibu wanasema hakuwahi kuhuzunika kwa uhamisho huo. Alikuwa akipenda kujua kwa nini injini inawaka kuliko alivyopenda kuwa juu yake.

Vitu vyake vilikuwa katika sanduku la bati ambalo mke wake alilihifadhi juu ya kabati, mbali na mchwa lakini si mbali na unyevu. Mlikuwa na kitabu chake cha rubani cha kuandikia safari zake, madaftari ya karakana yaliyojaa michoro ya penseli, bahasha ya picha za nyeusi na nyeupe, na albamu moja ya zile zenye kurasa za gundi na karatasi ya nailoni juu yake, ambazo kila nyumba ya Unguja na Pemba ilikuwa nayo zamani zile. Albamu za namna hiyo ni balaa. Gundi hubadilika rangi ikawa ya kahawia, ikaingia katika karatasi ya picha kutoka nyuma, na katika hali yetu ya hewa nailoni nayo huganda juu ya sura za watu. Asiyejua huzivuta picha kwa kucha, na kinachobaki mkononi ni nusu ya picha.

Hapo ndipo duka lilipopata alama yake ya kwanza nzuri, na ni kubwa. Binti aliyetupokea aliifungua albamu, akagusa pembe ya picha moja kwa ncha ya kidole, akaacha. Hakuivuta. Alichukua uzi wa kusafishia meno, akaupitisha chini ya pembe ya picha na kuuvuta huku na huku kama msumeno mdogo, taratibu, akiusogeza ndani kidogo kidogo mpaka picha ikaachana na ukurasa bila ya kukunjika. Picha mbili zilikataa kabisa. Alitwambia hatazilazimisha, akazipiga kwa kamera zikiwa bado katika albamu, taa mbili zikiwekwa ubavuni ili nailoni isimeremete. Nilimwuliza alijifunza wapi, akajibu, "Mama, mimi niliharibu za bibi yangu kwanza." Mfanyakazi wa aina hii ndiye anayestahili kukabidhiwa sanduku la marehemu, na kama mtakwenda duka lolote lile, jaribuni kuona mkono wake kabla ya kuuacha mzigo.

Binti huyo huyo aliziweka kando picha chache zilizoonyesha ndani ya kambi, akatuuliza kama tuna hakika tunataka zichapwe kitabuni. Hatukuzichapa. Zimerudi kwa mjane, na ni sawa.

Baada ya mwanzo huo mzuri, nakala ya kwanza ya kukagulia ilinishangaza kwa ubovu. Naeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu ubovu wenyewe haukuwa wa uzembe. Karatasi ilikuwa safi, wino ulikuwa mzuri, kurasa zilinyooka. Ulikuwa ubovu wa watu waliotaka kutupendezesha bila ya kujua ni nini walichokishika mkononi.

Chukua picha ambayo familia yetu inaithamini kuliko zote. Vijana watatu wamesimama mbele ya injini ya Caribou, mikono yao iko juu ya panga la propela, na ami ni wa katikati, mikono ya shati imekunjwa mpaka juu ya viwiko. Mpangaji wa kurasa aliona vijana wanaopiga picha ya ukumbusho kwa madaha, akaikata pembeni ili sura zijae ukurasa. Panga likabaki kipande, mikono ikatoweka, na chini yake pakaandikwa kwamba marehemu yuko na marafiki zake. Ukweli ni kwamba watu wale walikuwa kazini. Injini ya Caribou ina silinda 14 zilizopangwa kwa duara, safu mbili za saba saba, kwa hiyo baadhi yake zinatazama chini. Injini ikilala bila ya kuwashwa, mafuta ya kulainishia hutiririka na kujikusanya katika silinda hizo za chini. Mafuta hayashindiliki kama hewa. Ukibonyeza stata, pistoni itasukumwa dhidi ya kitu kisichosogea, na mkono wa pistoni utapinda au silinda itapasuka. Ndiyo sababu mafundi huzungusha propela kwa mikono kwanza, panga baada ya panga, na wakihisi imegoma husimama, wakafungua plagi za chini mafuta yatoke. Ami aliichora hatua hiyo katika daftari lake, silinda za chini akazitia kivuli cha penseli, na mchoro huo ulikuwamo katika furushi lile lile tulilowapa. Picha na mchoro vilipaswa kukaa kurasa mbili zinazotazamana, maana mmoja unaeleza mwenzake. Wao waliuweka mchoro mwishoni, katika ukurasa wa mapambo, wakaufifiza uwe nyuma ya aya ya Qur-ani. Shangazi aliona hivyo, akafunga kitabu.

Tulipoeleza, walirekebisha. Picha sasa iko nzima, mikono na panga vinaonekana, na mchoro uko upande wa kushoto wake, mweusi kama ulivyo daftarini.

Jambo la pili lilihusu rangi. Duka linatangaza kwamba linaweza kuzitia rangi picha za nyeusi na nyeupe kwa kutumia programu ya akili mnemba, na bila ya kutuuliza walizitia rangi nusu ya picha za bahasha. Ukizitazama kwa mbali ni nzuri sana, na vijana wa ukoo walizifurahia papo hapo. Ukizisogeza karibu, mambo yanaharibika. Bendera ndogo iliyopakwa kwenye mkia wa ndege imepewa wekundu ambao bendera ya Tanzania haina. Namba ya ndege, inayoanza na herufi JW na kufuatwa na tarakimu, programu imeiona kuwa ni uchafu ikaichora upya, na kilichotoka ni alama zinazofanana na maandishi lakini hazisomeki kwa lugha yoyote ya dunia hii. Uso wa ami nao umelainishwa, kovu lake la nyusi limepotea, na meno yake yamekuwa meupe kuliko alivyowahi kuwa nayo.

Kwa picha ya harusi, huenda mtu akasamehe. Kwa rubani na mhandisi namba ya ndege ndiyo ushahidi wenyewe. Kwa namba hiyo unaweza kuifungua safu ya kitabu chake cha rubani, ukaipata ndege ile ile, siku aliyoirusha, alikotoka na alikotua. Ukiifuta namba, unabaki na kijana mzuri aliyesimama karibu na ndege, na vijana wazuri waliosimama karibu na ndege wako wengi. Tulidai picha zote zirudishwe katika weusi na weupe wake, zisafishwe vumbi na mikwaruzo tu, na mahali palipoliwa na kuvu paachwe palivyo. Mwenye duka alibisha kidogo, akasema wateja wengi wanataka rangi. Sina shaka kwamba anasema kweli. Bali rangi iombwe na mteja, asitiliwe bila ya kuulizwa, na hata anayeiomba apewe na ile ya asili pamoja nayo.

Kosa ambalo lingeniuma zaidi, lau lingepita bila ya kuonekana, lilikuwa katika kitabu cha rubani. Kwa wasiokijua, ni daftari pana lenye safu nyingi, ambamo rubani huandika kila safari yake: tarehe, aina ya ndege na namba yake, nani aliyekuwa nahodha, alitoka wapi akaenda wapi, na muda aliokaa angani. Kwa desturi ya majeshi ya anga ya Jumuiya ya Madola, saa za usiku huandikwa kwa wino mwekundu, na ami aliishika desturi hiyo mpaka safari yake ya mwisho. Duka liliziskani kurasa zote kwa nyeusi na nyeupe ili kupunguza gharama ya kuchapa. Saa za usiku zikawa sawa na za mchana. Ukurasa ambao katika asili yake unaona mara moja kwamba kijana huyu alirushwa usiku mfululizo, wekundu ukishuka safu nzima, katika nakala yao ulikuwa ni orodha ya kijivu kama ya hesabu za dukani.

Binti wa albamu ndiye aliyelitatua. Alikuja na wazo ambalo sisi hatukuwa nalo: tusichape kitabu kizima cha rubani kwa rangi, bali tuchague kurasa chache zenye uzito, zichapwe kwa rangi na kwa ukubwa wake wa asili, na zilizobaki zihifadhiwe katika fleshi kwa rangi kamili. Kurasa zilizochaguliwa ni ile ya safari ya kwanza aliyorusha ndege akiwa peke yake, ile ya usiku mwingi, na ile ya mwisho, ambayo ina mistari miwili tu na chini yake mstari uliopigwa kwa rula. Kuziskani hizo alikataa kutumia mashine ya kufunika, kwa kuwa kitabu kingelazimika kukandamizwa mpaka uti wake upasuke. Alikilaza juu ya mito miwili, kikiwa kimefunguka nusu, akakipiga kwa kamera kutoka juu. Picha ndogo za pasipoti naye alizirudia kwa nukta 600 kwa inchi badala ya 300 za mwanzo, na tofauti yake iko wazi pale zinapokuzwa mara mbili.

Katika maandishi, duka lina wasifu wa kupachika, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu dhaifu ya huduma nzima. Unajaza fomu, wanakuletea kurasa mbili ambazo ukibadilisha jina zinamfaa kadhi, mvuvi na mkaguzi wa karafuu kwa pamoja. Marehemu wote walikuwa wacheshi, wapole na wenye kupenda watoto. Ami alikuwa mpole, ndiyo, lakini asingemruhusu mtu kuwasha mashine ya boti mbele yake mpaka aone chujio la mafuta. Baada ya kustaafu alirudi Pemba, na wenye boti walimletea injini zao zilizoliwa na chumvi. Yeye kwanza aliwagombeza kwa kutozisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi baada ya safari, kisha ndipo akashika spana. Bei yake ilitegemea namna ulivyokuwa ukiitunza mashine yako, na mzembe alilipa zaidi. Katika madaftari yake ya uzeeni injini hizo ndogo zimeandikwa kwa nidhamu ile ile ya ndege, tarehe, tatizo, kilichobadilishwa, saa ilizofanya kazi, na mmiliki ametajwa katika safu ambayo zamani ilikuwa ya nahodha. Tulitupa wasifu wao, tukaandika wetu kwa kufuata madaftari hayo, na duka liliupanga bila ya kinyongo wala nyongeza ya malipo.

Jalada lilizua mjadala wa nyumbani ambao mwenye duka aliustahamilia kwa adabu. Vijana walitaka sura ya marehemu mbele, wakati shangazi hakutaka kabisa, kwa sababu kitabu kitagawiwa siku ya hitma na watu watakiweka juu ya majamvi na chini ya viti. Mpangaji alipendekeza mchoro wa injini ile ya duara kutoka daftarini, uchapwe kwa dhahabu juu ya kitambaa cha buluu iliyoiva, na majina na tarehe chini yake. Shangazi aliridhia. Kwa kweli umependeza kuliko picha yoyote ambayo ingewekwa pale, na mtu wa kwanza kuutambua ulikuwa ni mchoro wa nini alikuwa mzee mmoja askari mstaafu, aliyeanza kuhesabu silinda kwa kidole.

Kujalidi ndiko kazi bora kabisa ya duka hili, ijapokuwa si wao wenyewe wanaoifanya. Kwa kawaida hubandika kwa gundi, na gundi ya namna hiyo katika joto la kaskazi hulegea, halafu kurasa hutoka moja moja. Ukiomba, na ukikubali kungoja, wanapeleka kwa fundi wa mjini anayejalidi misahafu na vitabu vya chuoni, naye hushona kwa uzi, mafungu kwa mafungu. Kitabu kilichoshonwa kinafunguka na kulala, na kwa kurasa pana za kitabu cha rubani hilo ni la lazima, la sivyo safu za katikati humezwa na mshono. Ombeni kushonewa.

Upande wa muda, hawakutimiza ahadi. Umeme ulikatika, mashine moja ikagoma, na siku tuliyoambiwa tuje tulikuta mafungu hayajashonwa. Nakala chache zilifika siku ya hitma ya arobaini yenyewe, nyingine zilifuata baadaye na zikapelekwa Pemba kwa boti. Walituomba radhi kwa simu kabla hatujawapigia sisi. Wenye shughuli yenye tarehe wajitengee wiki kadhaa za ziada, hasa karibu na Ramadhani na msimu wa harusi.

Bei si ya chini. Kuskani kunatozwa kwa picha, kusafisha kunatozwa kwa picha tena, na kushona karibu kunaongeza mara mbili gharama ya kila nakala ukilinganisha na gundi. Sisi tulipunguza kwa kutengeneza nakala chache za kushonwa kwa ajili ya watoto wake na ndugu zake, na nyingi nyepesi za kubanwa kwa pini kwa ajili ya wageni wa hitma, zenye wasifu na picha nne tu. Ningeulizwa, ningesema tena hivyo hivyo.

Mwisho ni fleshi wanayoitoa pamoja na kazi. Ya kwanza waliyotupa ilikuwa na mafaili ya JPEG yaliyobanwa mno, yanayofaa kutumwa kwa simu na si zaidi. Ulizeni mafaili ya TIFF yasiyobanwa, yafungueni pale pale dukani kwenye kompyuta yao kabla ya kulipa salio, na hesabuni kama kila ukurasa uliopelekwa umerudi, maana katika yetu ukurasa mmoja wa kitabu cha rubani ulikuwa umerukwa, na binti aliupiga upya tukiwa tumekaa.